Deni la zamani kwenye taarifa za mkopaji: mambo ya kufahamu kabla ya kulipa au kusaini

Msimu wa pamba unapokaribia, mahitaji ya mikopo katika Mkoa wa Simiyu huongezeka. Mkulima wa Dutwa anahitaji fedha za palizi na viuadudu, mfanyabiashara wa soko la Bariadi anataka kuongeza mtaji kabla fedha za pamba hazijaanza kuzunguka, na kijana wa Lamadi anatafuta pikipiki ya kusafirishia abiria. Baadhi ya waombaji hawa hufika hadi hatua ya mwisho, fomu zimejazwa na wadhamini wamesaini, kisha hupewa jibu ambalo hawakulitarajia: ombi limekataliwa kwa sababu taarifa zao zinaonesha deni la zamani ambalo halijalipwa.

Mara nyingi deni lenyewe ni la miaka mingi. Huenda ni salio la mkopo wa kikundi ambacho kilivunjika baada ya ukame. Huenda ni shilingi elfu chache zilizokopwa kwa simu, kwenye laini ambayo mwenyewe aliiacha kitambo. Wapo pia wanaokuta deni ambalo si lao kabisa, bali la ndugu au jirani waliyemdhamini na kumsahau.

Anachofanya mwananchi baada ya kupata jibu hilo ndicho kinachoamua kama tatizo litakwisha au litaongezeka. Wapo wanaokata tamaa na kwenda kwa wakopeshaji wa mitaani wasio na leseni, wale ambao mikopo yao imepewa jina la kausha damu. Wapo wanaomlipa haraka mtu yeyote anayewapigia simu akidai kuwa ni wakala wa kukusanya madeni. Wengine husaini karatasi wasizozielewa kwa matumaini kwamba jina lao litasafishwa siku hiyo hiyo. Njia zote tatu zina gharama, na aghalabu gharama hiyo inazidi deni lenyewe.

Taarifa hizo hutoka wapi

Mfumo wa taarifa za wakopaji nchini umejengwa juu ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 pamoja na kanuni zake mbili za mwaka 2012, moja ikihusu kanzidata ya taarifa za wakopaji na nyingine ikihusu kampuni zinazochakata taarifa hizo. Benki na taasisi za fedha hutakiwa kuwasilisha kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu taarifa za mikopo ya wateja wao: nani amekopa, kiasi gani, amelipa kiasi gani na amechelewa kwa siku ngapi. Kampuni zilizopewa leseni, zikiwemo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, huzichakata taarifa hizo na kuandaa ripoti ambayo mkopeshaji huisoma kabla ya kutoa mkopo mpya.

Ni vyema ifahamike kuwa kampuni hizi hazitoi mikopo, hazikusanyi madeni na hazina mamlaka ya kumkubalia au kumkatalia mtu mkopo. Uamuzi hubaki kwa mkopeshaji. Hakuna pia orodha moja nyeusi ambayo jina huingizwa au kutolewa kwa amri ya mtu, ingawa mitaani ndivyo inavyosemwa. Kilichopo ni historia, nzuri na mbaya pamoja. Mwananchi aliyekopa mara tano na kulipa mara tano anafaidika na mfumo huo huo unaomwonesha jirani yake kuwa alishindwa kulipa.

Sababu ya Serikali kusimamia mfumo huu ni ya wazi. Benki Kuu imeweka kiwango cha asilimia 5 ya mikopo yote kuwa ndicho ambacho mikopo chechefu haipaswi kuzidi, na kwa miaka kadhaa sekta ya benki ilikuwa juu sana ya kiwango hicho. Mkopo huhesabiwa kuwa chechefu malipo yake yanapochelewa kwa zaidi ya siku 90. Mkopeshaji asiyejua historia ya mwombaji hulazimika kumtoza kila mmoja riba ya juu ili kufidia hasara ya wachache, na anayelipa vizuri ndiye anayebeba mzigo.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mkanganyiko mkubwa kuhusu madeni ya zamani unatokana na kuchanganya mambo matatu ambayo kila moja lina saa yake: hesabu za mkopeshaji, muda wa kushtaki mahakamani, na kumbukumbu ya mkopaji.

La kwanza ni hesabu za mkopeshaji. Mkopo ukikaa bila kulipwa kwa muda mrefu, taratibu za kibenki humtaka mkopeshaji auondoe kwenye mali zake na kuuhesabu kuwa hasara. Hatua hiyo huitwa kufuta mkopo vitabuni, na neno hilo limewapoteza wengi. Mkopaji anaposikia kwamba mkopo wake umefutwa, huamini kuwa amesamehewa. Sivyo. Kufuta vitabuni ni jambo la kihasibu baina ya benki na msimamizi wake, na haki ya kudai hubaki pale pale. Msamaha wa deni ni kitu kingine. Huhitaji mkopeshaji aseme kwa maandishi kuwa ameachilia kiasi fulani na hatakidai tena.

La pili ni muda wa kushtaki. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa mtu kufungua shauri la madai yanayotokana na mkataba, na mkopo wa kawaida usio na dhamana ya ardhi huingia humo. Shauri likiletwa baada ya hapo bila sababu inayotambuliwa na sheria, mahakama hulitupa. Hata hivyo sheria hiyo inafunga mlango wa mahakama tu. Haisemi kuwa fedha hazikukopwa, wala haimlazimishi mkopeshaji amkopeshe tena mtu aliyeacha kumlipa.

Aidha, saa ya miaka 6 inaweza kuanza upya. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu yake, sheria huhesabu kana kwamba haki ya kudai imezaliwa siku hiyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Nkololo alikopa shilingi 1,500,000 mwaka 2015 ili alipe Desemba mwaka huo, akarejesha 600,000 na kuacha 900,000. Kwa hesabu ya kawaida, muda wa kumshtaki ungeishia Desemba 2021. Lakini Machi 2020 alimwandikia mkopeshaji barua akikiri kudaiwa na kuomba avumiliwe hadi mavuno. Barua hiyo imesogeza ukomo hadi Machi 2026. Kama angetuma shilingi 20,000 tu za kuonesha nia njema, matokeo yangekuwa hayo hayo.

Maelezo haya hayalengi kumfundisha mtu kukwepa deni. Yanalenga kumwonesha kwa nini karatasi ya kukiri deni, ambayo mara nyingi huletwa na kijana wa ukusanyaji akiwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi, isisainiwe kabla ya kusomwa na kueleweka. Inaweza kuwa na kiasi ambacho mdaiwa hakukikopa, au riba na adhabu ambazo mkataba wa awali haukuzitaja, na akishasaini itakuwa vigumu kuzikana.

Kwa mkopo uliowekewa nyumba au shamba kuwa dhamana, hesabu ni nyingine. Mkopeshaji mwenye dhamana ya ardhi ana njia za kisheria za kudai haki yake kupitia dhamana hiyo, na muda wake hauhesabiwi kwa namna ileile. Mwenye deni la aina hiyo hana budi kumwona mwanasheria mapema.

La tatu, ambalo ndilo linalomkwamisha mwombaji pale dirishani, ni kumbukumbu ya mkopaji. Hii haifuati ukimya wa mkopeshaji. Mkopo unaweza kuwa umefutwa vitabuni, muda wa kushtaki ukawa umepita, na bado ukasomeka kuwa haujalipwa. Kinachobadilisha kumbukumbu ni taarifa mpya kutoka kwa mkopeshaji: kwamba deni limelipwa, limepunguzwa kwa makubaliano, au halikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuanza na ripoti

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kulipa. Ni kuona kilichoandikwa. Kila mtu ana haki ya kuomba na kupewa ripoti ya taarifa zake mwenyewe kutoka kampuni ya kuchakata taarifa za wakopaji, kwa kujitambulisha kwa kitambulisho chake. Mwombaji aliyekataliwa mkopo kwa sababu ya ripoti anapaswa pia kumwuliza mkopeshaji ni kampuni gani iliyotoa ripoti hiyo na ni deni la taasisi ipi lililoonekana. Jibu la jumla kwamba mfumo umekataa halimsaidii, na ana haki ya kuuliza zaidi.

Ripoti ikipatikana, isomwe mstari kwa mstari. Jina la mkopeshaji, tarehe ya mkopo, kiasi cha awali, salio, tarehe ya malipo ya mwisho na hali ya mkopo ndivyo vitu vya kulinganisha na stakabadhi za zamani, kama zipo. Kama hazipo, taarifa ya akaunti ya benki ya miaka hiyo inaweza kuombwa tawini, na miamala ya simu inaweza kuombwa kwa kampuni ya simu.

Katika mkoa kama Simiyu kuna jambo moja linalostahili uangalifu wa pekee, nalo ni majina. Majina kama Maduhu, Masunga, Masanja na Nkwabi hubebwa na watu wengi katika wilaya hiyo hiyo, wakati mwingine katika kijiji kimoja. Tahajia nazo hutofautiana: mtu mmoja anaweza kuandikwa Ng'wandu kwenye cheti cha ubatizo, Mwandu kwenye kadi ya mpiga kura na Ngwandu kwenye mkataba wa mkopo. Mikopo mingi ya zamani ilitolewa kabla namba ya utambulisho wa taifa haijaenea vijijini, na wakopeshaji walitumia kadi ya mpiga kura au barua ya mtendaji wa kijiji. Matokeo yake ni kwamba deni la mtu mmoja linaweza kuangukia ripoti ya mwingine, na malipo ya mtu yakakosa kuingia kwenye ripoti yake. Namba ya NIDA imepunguza tatizo hili kwa mikopo mipya, lakini haikurudi nyuma kusahihisha yale ya miaka iliyopita.

Laini za simu zina kasoro ya namna hiyo. Huduma za mikopo kwa simu zilianza kuenea nchini kuanzia mwaka 2014, ilipoanzishwa M-Pawa, na katika miaka ya mwanzo haikuwa ajabu laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka kutumiwa na mdogo wake. Usajili kwa alama za vidole umebadilisha hali hiyo, ila mkopo uliochukuliwa kabla yake ungali umeandikwa kwa aliyesajili laini.

Anayekuta kosa aliandikie malalamiko mkopeshaji aliyetoa taarifa na nakala aipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti, akiambatanisha ushahidi. Kampuni hairuhusiwi kubadilisha taarifa kwa kuombwa tu. Ni lazima iulize kwa aliyeileta. Hii ndiyo sababu ya kupuuza matangazo ya watu wanaodai kuwa wanaweza kusafisha jina la mkopaji kwa malipo. Taarifa iliyo sahihi haisafishwi na mtu yeyote, na taarifa iliyokosewa hurekebishwa kwa utaratibu ambao mwananchi anaweza kuufuata mwenyewe.

Deni sasa ni la nani

Kwa deni la miaka kumi iliyopita, taasisi iliyokopesha inaweza kuwa imebadilika au kutoweka. Mwaka 2018 Benki ya Wanawake Tanzania na Twiga Bancorp ziliunganishwa na Benki ya Posta, na mwaka 2021 Benki ya Posta yenyewe ikawa Benki ya Biashara Tanzania, yaani TCB. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo, na Bodi ya Bima ya Amana ikawa mfilisi wake. Katika hali zote hizo madeni hayakufa pamoja na majina ya benki. Yalihamia kwa benki iliyorithi au yakabaki mikononi mwa mfilisi, ambaye kazi yake ni kuyakusanya ili wenye amana walipwe.

Hivyo, kabla ya kutoa fedha yoyote, mdaiwa athibitishe ni nani mwenye haki ya kupokea. Wakala wa kukusanya madeni anapaswa kuonesha barua ya mkopeshaji inayomtaja na kulitaja deni husika. Njia salama ni kufika tawini au kupiga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye tovuti ya taasisi, siyo ile iliyokuja kwenye ujumbe, kisha malipo yafanywe kwenye akaunti ya mkopeshaji na kamwe yasitumwe kwenye namba binafsi ya mtu.

Mazungumzo na malipo

Deni likithibitika kuwa ni la kweli, mazungumzo huanza na mchanganuo. Mdaiwa aombe kwa maandishi kiasi cha msingi kilichobaki, riba, adhabu na gharama nyingine, kila kimoja peke yake, na avilinganishe na mkataba. Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aweke wazi gharama zote za mkopo, kwa hiyo ombi hilo si la upole wa mkopeshaji bali ni la haki.

Mkopeshaji aliyekwisha kuhesabu mkopo kuwa hasara mara nyingi yuko tayari kusikiliza, kwa kuwa kila shilingi inayorudi ni nyongeza kwake. Anaweza kukubali malipo ya mkupuo mmoja yaliyopunguzwa adhabu, au awamu zinazofuata msimu wa mapato. Kwa mkulima wa Simiyu awamu za kila mwezi hazina maana kubwa. Mapato yake huja kati ya Mei na Septemba, na mpango usiozingatia hilo utavunjika ifikapo Novemba, mvua zinapoanza na fedha zote zikiwa shambani. Ni afadhali kuomba awamu mbili za msimu zinazowezekana kuliko kumi na mbili za kupendeza kwenye karatasi.

Makubaliano yaandikwe kabla ya malipo, na yataje mambo mawili kwa uwazi: kwamba kiasi kilichokubaliwa kinamaliza deni lote, na kwamba mkopeshaji atawasilisha taarifa hiyo ili kumbukumbu irekebishwe. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mtu hulipa, hupewa stakabadhi, hurudi nyumbani Mwanhuzi au Lagangabilili, na mwaka unaofuata hukataliwa tena mkopo kwa deni lile lile kwa sababu hakuna aliyebadilisha taarifa.

Malipo yakikamilika, mdaiwa adai barua ya kuthibitisha kuwa deni limekwisha, yenye namba ya mkopo, tarehe na muhuri, na hati yoyote iliyowekwa dhamana irejeshwe. Baada ya wiki kadhaa aombe ripoti nyingine ahakikishe kuwa imebadilika. Ni muhimu asitarajie ukurasa mweupe: historia ya kuchelewa huendelea kuonekana kwa kipindi, ila hali ya mkopo husomeka kuwa umelipwa. Kwa mkopeshaji anayepima hatari, tofauti kati ya aliyechelewa akalipa na asiyelipa kabisa ni kubwa.

Nchini Kenya, Benki Kuu ya nchi hiyo ilianzisha Novemba 2022 mpango wa muda wa kuwasaidia wenye madeni madogo ya simu, ambapo wakopeshaji walipunguza angalau nusu ya deni na mdaiwa akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa kilichobaki. Habari zake zilivuka mpaka. Mpango ule ulihusu Kenya pekee na ulishakwisha, kwa hiyo ujumbe wowote unaomwambia Mtanzania ajisajili ili afutiwe nusu ya deni kwa msingi huo ni wa kupuuzwa.

Wadhamini, warithi na vikundi

Katika mikopo ya vikundi vya kukopeshana kwa dhamana ya pamoja, ambayo ndiyo njia waliyopitia wanawake wengi wa vijijini kupata mtaji, kila mwanachama husaini kwa ajili ya wenzake. Saini hiyo ni mkataba. Mwanachama aliyelipa sehemu yake yote anaweza kudaiwa ya mwenzake aliyehamia Mwanza bila kuaga. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai aliyemdhamini, ila ahifadhi stakabadhi zinazoonesha kuwa yeye ndiye aliyelipa.

Suala la marehemu huleta huzuni na hofu kwa pamoja. Mtoto haingii kwenye deni la mzazi kwa sababu tu ni mtoto wake. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kabla mali haijagawanywa. Mjane au mtoto anayefuatwa nyumbani siku chache baada ya matanga halazimiki kusaini chochote kwa jina lake. Familia iulize pia kama mkopo ulikuwa na bima, kwa kuwa mikopo mingi ya benki huwa nayo na fidia yake humaliza salio mkopaji anapofariki. Wengi hawaijui bima hii ingawa marehemu aliilipia.

Kwa vyama vya ushirika vya mazao, deni lililokopwa na chama kwa jina lake huandikwa kwa chama, kwa kuwa chama kilichosajiliwa kina nafsi yake kisheria. Mwanachama huwajibika kwa kile alichochukua mwenyewe, kama mbegu au viuadudu, au alichokidhamini kwa saini yake. Mikopo ya SACCOS iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyogawa watoa huduma katika madaraja manne, na msimamizi wake ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni fedha ya umma inayotakiwa kurudi ili kikundi kingine kipate. Kikundi chenye salio la zamani kianzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Watumishi wa umma, hasa walimu waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyehitimu na kujiajiri anapaswa kuanza kulipa mwenyewe baada ya miezi 24. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na mnufaika aliyeacha kulipa kwa sababu ya kuogopa jinsi salio lilivyokuwa likikua ana sababu nzuri ya kuomba taarifa yake upya.

Vitisho na faragha

Kudaiwa hakumwondolei mtu utu wake. Baadhi ya wakopeshaji wa kidijitali wamekuwa wakiwatumia ujumbe ndugu, waajiri na watu wote walio kwenye orodha ya mawasiliano ya mdaiwa ili kumfedhehesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazuia taarifa za mtu kutumika kwa lengo tofauti na lile zilizokusanyiwa, na anayetendewa hivyo anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendesha shughuli bila leseni. Orodha ya watoa huduma wenye leseni inapatikana kwenye tovuti ya Benki Kuu na inafaa kutazamwa kabla ya kukopa.

Mdaiwa anayetishwa ahifadhi ujumbe wote, aandike tarehe na saa za simu, na asijibu kwa matusi. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazosomwa na atakayepokea malalamiko. Vitisho vya kudhuru mwili ni jinai na hupelekwa polisi. Deni lenyewe, kwa upande mwingine, ni suala la madai, na mtu hakamatwi kwa kushindwa tu kulipa mkopo.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Malalamiko kuhusu deni au taarifa zilizokosewa huanzia kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, na mlalamikaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiporidhika, au akinyamaziwa, hupeleka shauri lake Benki Kuu, ambayo ina dawati la kushughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Kwa wakazi wa Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ofisi ya karibu ya Benki Kuu ni Tawi la Mwanza. Aambatanishe nakala ya kitambulisho, mkataba au namba ya mkopo, ripoti ya taarifa za mkopaji, stakabadhi alizonazo na nakala ya barua aliyompa mkopeshaji pamoja na jibu lake, kama lipo. Bila barua hiyo ya kwanza, atarudishwa kuanzia kwa mkopeshaji, na safari ya Mwanza itakuwa ya bure.

Asiyeweza kuandika malalamiko mwenyewe anaweza kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mwananchi kwa aliye karibu naye.